Papi za Bwana Bati

Redio ya kibanda cha chai ilisema upepo umeng'oa paa zima bonde la pili na kulitua uwanjani, mechi ikiendelea.

"Refa kasemaje?" akauliza Kapteni, aliyekuwa mpishi jeshini na kujipandisha cheo baada ya kustaafu.

"Kona," akajibu Phulmati, mwenye kibanda, akimimina chai.

Wote wakacheka isipokuwa Dambar. Walimwita Bwana Bati kwa kuwa mabati yake yameegemea ukuta tangu mavuno ya mahindi. Mkewe, Sunmaya, alichoka kulala chini ya turubai tangu tetemeko la ardhi, akavuka bonde kwenda kwao, na mbuzi akaondoka naye. Alisema atarudi siku atakayoona paa linang'aa kutoka ng'ambo.

"Papi za kushikia mabati nimemaliza kuzipigilia jana," Dambar akasema kwa sauti ndogo. "Leo naezeka."

"Nimeziona!" Kapteni akadakia. "Papi hukingama, hukatisha kenchi za paa, ndugu yangu. Zako umezilaza juu ya kenchi, sambamba, kama wachumba. Katikati pote ni tundu. Bati utalipigilia hewani?"

"Mzee Nyota ndiye aliyesema vichwa vya mbao vitazame mashariki."

Macho yakamgeukia mzee huyo mnajimu, naye akapuliza chai iliyokwisha kupoa. "Nilisema. Sikujua paa nalo linateremkia huko huko."

"Tuigeuze nyumba," akashauri Kapteni. "Kamba ninazo."

"Aezeke hivyo hivyo," Phulmati akasema. "Upepo ukija, alikalie bati. Atatua nalo ukweni, na Sunmaya atakuwa ameliona."

Kicheko kikavuma, kisha kikakatika. Dambar alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kofia.

Mzee Nyota akakohoa, akahesabu vidole. "Jamani, tangu lile tetemeko, mashariki imesogea."

"Imesogea wapi?"

"Kusini. Robo nzima ya duara. Papi zikikatisha kenchi, zitaitazama sawasawa."

"Na jua limeambiwa?" akauliza Phulmati.

"Hiyo ni kazi ya redio."

Dambar akainuka na nyundo yake, akafika mlangoni, akasita. "Mzee, kwao Sunmaya ni mashariki. Ina maana naye amesogea?"

"Amesogea."

"Mbali au karibu?"

Mzee Nyota akatazama glasi yake tupu. Phulmati akaijaza bila kuombwa.

"Karibu, mwanangu," akasema mzee. "Karibu sana. Kang'oe misumari."