Mgonjwa wa Mume Wangu

Usiku ule usingizi ulikatika, kwa ajili ya mgonjwa ambaye hajawahi kuzaliwa!

Mimi sikujua. Nilishtuka tu usingizini, nikamwona mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa.

"Nani amefariki?" nikauliza, mkono kifuani.

"Bado hajafariki! Yuko chumba cha upasuaji."

"Nani? Dada yako?"

"Dada yangu wapi! Yule muuguzi!"

Muuguzi gani tena? Nikawasha taa. Kumbe simu yenyewe ni ya binti yetu, ile aliyomnyang'anya siku nne nyuma!

Ngoja niwaeleze. Mume wangu ni kinyozi. Kiti chake ni kimoja, lakini maneno yake ni ya bunge zima. Kila mteja aliyeinamisha kichwa alihubiriwa: "Watoto wa leo hawasomi! Mimi katika umri wao nilimaliza kabati zima la vitabu!" Miaka kumi na minane ya ndoa, kabati hilo sijaliona.

Basi siku hiyo akamkuta binti kainamia simu, akaipokonya. "Soma vitabu, wewe!" Akachungulia aone ni upuuzi gani. Akakuta hadithi ya muuguzi mmoja, inayotoka sura kwa sura. Akasoma mstari mmoja, ili aikemee vizuri.

Weee! Akaisoma mezani, akaisoma chooni. Juzi alimnyoa mwalimu mkuu upande mmoja, akakwama sura ya tisa, na mwalimu wa watu akaondoka na kichwa nusu msitu, nusu uwanja wa mpira!

"Mwandishi anajiita Bibi Radi," akaniambia usiku ule. "Mtu mzima huyo, ameiona dunia. Sura ya ishirini ilikuwa itoke Jumamosi. Leo Jumatatu, kimya! Labda anaumwa, maskini."

Sauti ikatoka mlangoni. Binti yetu, miaka kumi na minne, kajifunga shuka.

"Haumwi, baba. Amenyang'anywa simu."

Nami niliyekuwa naona madaftari ya binti yakiisha upesi, nikidhani anamwandikia mvulana barua, nikajiona mjinga.

"Wewe ndiye Bibi Radi?" mume wangu akanong'ona.

"Watu elfu mbili wananingoja, baba. Wengine wameshasema nimekufa."

Akamrudishia simu kwa mikono miwili, kama anayerudisha mtoto wa wenyewe. Binti akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Kinyozi wetu akamfuata, akagonga kwa ukucha.

"Mwanangu, sikusumbui. Niambie tu, muuguzi anapona?"

"Subiri kama wasomaji wengine, baba."

"Basi usiseme! Kohoa tu, mara moja, kama anapona!"

Tukabandika masikio mlangoni, yeye juu, mimi chini.

Ndani hakukohoa mtu. Tulisikia tu komeo likifungwa.