Supape Isiyoshikwa na Sumaku

Jumatatu, 27 Mei
Gari la marehemu baba, la mwaka 1967, linakohoa. Ernestine, fundi wa Kimanga, amesema supape moja, yaani vali, ya kutoa moshi imeungua. Amenitafutia mpya kutoka Bujumbura. Mungu ambariki. Tarehe nane Jolie, mtoto wa dada yangu Domitille, anafunga ndoa Makobola, na mimi ndiye nitakayempeleka. Jirani yangu Félicien alijitolea kumpeleka kwa gari lake la jipu. Nilimshukuru kwa ubaridi.

Jumanne, 28 Mei
Nimeipima supape kwa sumaku. Haishikwi. Chuma gani hicho? Maskini Ernestine, amedanganywa. Sijamwambia, nisimuumize. Nimebadilishana na muuza vyuma sokoni, nikapata ambayo sumaku inairukia. Nimeifunga mwenyewe. Injini inaimba.

Jumatano, 5 Juni
Wiki nzima nazunguka mtaani kwetu Rugenge, vioo chini. Leo nimepita mbele ya Félicien mara nne. Mara ya nne akanipungia mkono. Wivu.

Jumamosi, 8 Juni
Kilomita tatu kabla ya Makobola injini ikaishiwa nguvu, ikapiga chafya mbili, ikazima. Bibi harusi ndani. Félicien, aliyekuwa nyuma yetu, akashuka, akafunga kamba. Tukafika kanisani tukivutwa. Wanawake wakapiga vigelegele, wakidhani ndiyo heshima yenyewe. Nilishindwa kuinua uso. Jolie akanishika bega.
“Mujomba, minye nilitaka kufika. Nimefika.”
Nikalia kidogo.

Jumanne, 11 Juni
Ernestine amefungua injini. Supape yangu imelika ukingoni kama biskuti. Akanieleza taratibu: supape ya kuingiza hupozwa na hewa mpya, lakini ya kutoa moshi hukaa motoni mpaka iwe nyekundu. Kwa hiyo ile nzuri hutengenezwa kwa chuma chenye kromu na nikeli, na chuma cha namna hiyo sumaku haikishiki. Kisha akatoa mfukoni supape yake ileile. Muuza vyuma alikuwa amemletea jana.
“Weye, siku ingine uulize kwanza.”
Hakunigombeza zaidi. Ameifunga. Mwanamke wa ajabu.

Jumatano, 12 Juni
Gari linanguruma kwa upole. Nawashukuru wote, hata Félicien, nimemwombea. Ernestine ameagiza nibadilishe mafuta ya injini kabla ya kusafiri tena. Na Domitille, kwa shukrani, ameniletea bidoni ya mafuta ya mawese, lita tano, safi, mekundu. Mafuta ni mafuta. Sitamsumbua Ernestine kwa swali dogo hivyo. Ya zamani nimeshayamwaga.