Mbu wa Thuraya na Kopo Langu la Dawa

Leo nimeadhirika, jamaa zangu, tena mchana kweupe, mbele ya madaktari wa chuo. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjayasikia kwa mtu mwengine na chumvi yake.

Mnajua mjukuu wangu Thuraya anasomea wadudu. (Baba yake alitaka asomee meno. Mie nikasema mwacheni.) Miezi yote hii alikuwa anakwenda Qurayyat kuchota viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi ya mashamba, wale mbu wa malaria, anawalea mpaka wanaota mbawa. Leo ndiyo siku ya kuonyesha kazi. Madaktari wanapita meza kwa meza, wanatoa maksi. Akifeli, mwaka mzima unarudiwa.

Malaria mie naijua. Ilimchukua dada yangu kwa siku tatu, tulipokuwa wadogo Unguja, kabla hatujahamia huku ng'ambo. Kwa hiyo Thuraya aliponambia kazi yake ni kuwapa mbu dawa, nilimpa radhi zangu zote.

Nikajifukiza udi, nikavaa dhahabu, nikatoka nyumbani Mabela na birika la kahawa. Mkobani nna kopo la dawa ya mbu, sitoki bila yake. (Marehemu mume wangu alisema damu yangu tamu. Kitu chengine kitamu hakukitaja.)

Mezani kwake nikakuta vizimba viwili vya chandarua. Kimoja mbu wote wamekufa. Cha pili wanaruka kama wako harusini.

"Na hawa umewapa dawa?"

"Nimewapa jana, bibi, dawa ile ile. Ningoje hapa, nawafuata madaktari."

Dawa imekataa na mtoto wala hajui! Wageni wanakuja, aibu iko wazi juu ya meza. Sisi mtoto wetu husitiriwa. Mgeni akipiga hodi, wali ulioungua haupakuliwi.

Nikatoa kopo. Bismillahi, nikapuliza. Wakaanguka watatu, nikasema alhamdulillahi. Mara wakajipangusa, wakainuka. Nikapuliza tena. Nikaichomeka pua ya kopo ndani ya chandarua kabisa.

"Kufeni, washenzi nyie, mwenzenu anatafuta maksi."

Aliyeanza kuyumba ni mie. Kikohozi, machozi, wanja mpaka kidevuni. Nikakaa chini, puu, kama gunia la mchele. Hapo ndipo nikaona viatu vya madaktari, jozi tatu, na Thuraya kashika kichwa.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimekusitiri, mwanangu. Lakini hawataki kufa."

Daktari mkubwa, mama wa makamo, Kiswahili chake cha Unguja hasa, akaniinua akanipa maji.

"Umepuliza kiasi gani, mama?"

"Kopo zima."

"Na wako hai?"

"Si hao. Yule wa pembeni ananikodolea macho."

Akacheka mpaka akajishika mezani. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe! Mbu wa kule Qurayyat wamepulizwa dawa mashambani mpaka wamezowea. Wanaonusurika ndio wanaozaa, na watoto wao wanarithi ugumu ule ule. Wale waliokufa ni mbu wa kawaida, wamewekwa wa kulinganishia. Mtoto kahangaika miezi kuthibitisha kwamba dawa hii haifai tena kwa hawa, itafutwe njia nyengine kabla hawajamletea mtu malaria. Na mie nataka kumuulia ushahidi wake.

Daktari akamgeukia. "Kazi yako nimeisoma neno kwa neno, Thuraya, na nimeikubali. Sikujua tu kama una msaidizi."

Walipomaliza meza zote wakasoma majina, na Thuraya katoka wa kwanza. Wa kwanza, katika chuo kizima cha wadudu. Nikasimama na wanja wangu kidevuni, nikapiga vigelegele mpaka meza za mbali wakageuka. Mnataka nione haya? Haya nishaziona, sasa naona fahari.

Na atakayenicheka, ntamwomba Thuraya mbu watano tu, niwapeleke kwake.