Fromaji za Klasi ya Ine

Jumapili, 4 Oktoba 2020

Nyuma ya misa kuisha, direkta Barthélemy alisimama mbele ya kanisa akatangaza: shule inafunguliwa Jumatatu ya juma lijalo, tarehe 12. Klasi zote! Korona ilitufungia milango tangu mwezi wa tatu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga kupita wote, kwa sababu mimi njo prezidenti wa komite ya wazazi. Halafu nikakumbuka klasi ya ine. Mikono ikabaki hewani.

Klasi ya ine imejaa fromaji zangu, jibini kutoka mulango mpaka dirisha.

Nieleze vizuri. Nilichukua ufunguo ili kulinda meza, watu wasizifanye kuni. Nikazilinda kweli. Kumbe ile klasi iko na baridi nzuri, hakuna panya, na kila meza inatosha fromaji moja sawasawa. Nyumbani Mama Umwali, bibi yangu, alikuwa amezifukuza. Alisema nguo zake za misa zinanuka maziwa. Ningefanya nini?

Na hizi si fromaji za mchezo. Siku ya mahari ya mdogo wangu Daphrose, kule Kirotshe, niliapa mbele ya wakwe kwamba kwenye ndoa, tarehe 24, wageni wote watakula fromaji ya Rutayisire, yaani mimi. Mbonigaba alikuwepo. Huyu ana ng'ombe kwenye kilima cha pili, naye anatengeneza fromaji, na nafikiri alizaliwa ili anisumbue. Akauliza kama wageni waje na nyundo za kuivunja. Wakwe wakacheka! Basi lazima ziive. Zinataka juma mbili tu. Shule imefungwa nusu mwaka, juma mbili ni nini?

Jumanne, 6 Oktoba

Mukutano wa wazazi. Wamoja wanasema watoto wamesahau hata kuandika majina yao. Wengine wanaogopa ugonjwa. Mimi nikasimama na wenye kuogopa. Nikakohoa kidogo ili kuanza vizuri. Nikauliza watoto wetu watanawa mikono wapi, na mufereji uko kule chini kabisa? Nikaona juma mbili zangu zinakuja zenyewe.

Mbonigaba akasema bidoni zenye robine ya kufungulia maji zinatosha, shida ni nani anazo. Mama Umwali akasimama! Akasema mume wake anazo, nzuri, za maziwa. Watu wakanipigia makofi marefu. Niliinamisha kichwa kama askofu. Jioni nimekamulia ng'ombe kwenye sufuria ya maharage.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimezunguka nyumba kwa nyumba nikitisha watu. Bila cache-nez ya kufunika pua na kinywa, nilisema, hakuna mutoto atakayeingia klasi. Nani atashona cache-nez za watoto wote hao kwa siku tano? Wamama wakatikisa vichwa. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Nikamukuta Mama Noëlla, muganga wa kituo chetu cha afya, ameketi kwangu na makasi. Alisema inatakiwa kitambaa chepesi, safi, kilichochemshwa mara nyingi. Mama Umwali akajua mahali pa kukipata. Vitambaa vyangu vya kuchuja fromaji! Vyote! Mutoto wangu Umwali amejaribu cache-nez yake, akasema inanuka vizuri, inamupa njaa.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mukutano tena, mimi njo niliuita. Nikasema: mutoto akianza kukohoa katikati ya masomo, tutamuweka wapi? Tunataka chumba cha kutenga wagonjwa! Nililia nacho kile chumba mpaka sauti ikakauka. Kujenga chumba ni kazi ya mwezi muzima, kila mutu anajua.

Mbonigaba akasema prezidenti aliyetoa bidoni na vitambaa hawezi kukosa mbao. Ninazo, kweli. Nimezikata ili nijenge nyumba ya fromaji, ile ninayojenga tangu Umwali azaliwe. Lakini watu walipiga makofi kabla sijajibu, na mimi makofi yananilegeza. Nikasema chukueni! Kabla ya jua kuzama chumba kilikuwa kimesimama, na mulango, na dirisha dogo. Mbonigaba alikuwa anapiga misumari huku anapiga mluzi. Lazima niseme kimejengwa vizuri. Nimeingia ndani. Baridi nzuri.

Jumamosi, 10 Oktoba

Siku mbaya, ila kicheko kilikuwa kitamu.

Silaha yangu ya mwisho ilikuwa metre moja. Nikasema kila mutoto awe mbali na mwenzake metre moja, na klasi zetu hazitoshi. Nilifikiri watarudi nyumbani kuwaza. Kumbe Mama Noëlla akatoa kamba akasema twende tupime, klasi moja moja. Moja kwa moja! Tulipofika klasi ya tatu nikaomba ruhusa, nikakimbia chooni, nikatupa ufunguo ndani. Nikarudi nikawaambia ufunguo wa klasi ya ine umepotea, pole sana.

Mbonigaba akainua mulango akaung'oa kwenye bawaba zake. Mikono ile!

Zilikuwa zimekaa kila moja kwenye meza yake, zinatazama ubao. Direkta alivua kofia. Mama Noëlla akanyoosha kamba kutoka fromaji hii mpaka ile, taratibu, akatangaza kwamba hii njo klasi ya kwanza inayofuata masharti. Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Zilikuwa zimependeza.

Halafu hukumu. Wengine walitaka nitoke kwenye komite. Mbonigaba akasema hapana, huyu ametoa bidoni, vitambaa na mbao, tumuache, ila fromaji zikatwe Jumatatu watoto wale. Wakapiga kura kwa mikono. Mukono wa kwanza juu ulikuwa wa Mama Umwali.

Jumatatu, 12 Oktoba

Shule imefunguliwa. Watoto wamenawa kwenye bidoni zangu, wamefunika pua kwa vitambaa vyangu, wamekula fromaji yangu na viazi vya moto. Ilikuwa laini bado, wakaomba tena! Umwali alinionyesha kwa kidole akawaambia wenzake yule njo papa wangu. Machozi yakanitoka. Nimesema ni moshi. Hakukuwa na moshi.

Mbonigaba alikula vipande viwili, akalamba vidole. Nimelala na furaha. Halafu nikakumbuka ndoa ya Kirotshe, na fromaji zimeisha, nikaamka.

Jumapili, 25 Oktoba

Tumerudi kutoka kwenye ndoa. Daphrose alikuwa anang'aa! Na fromaji zilikuwepo, tele. Mbonigaba alizileta mwenyewe, zake, wala sikumuomba. Aliniambia kwa sikio kwamba mutu aliyelisha watoto wa shule nzima hawezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Nilimukumbatia. Nilisahau kabisa kama tunachukiana.

Mama mukwe wa Daphrose alionja akauliza ni nani ametengeneza kitu kitamu hivi. Nikafungua kinywa niseme kweli. Kikasema: ni kidogo tu, mama, Noeli nitakuletea kubwa zaidi. Wakapiga makofi. Nilitazama pembeni, Mbonigaba alikuwa ameshika kichwa.

Alhamisi, 29 Oktoba

Mungu ni mwema: kile chumba cha kutenga wagonjwa hakijapata mugonjwa hata mumoja. Kimesimama bure, na baridi yake, na mbao zangu. Mama Noëlla alitafuta mutu wa kushika ufunguo. Nikasema mimi njo nililia nacho, nitakilinda. Hakusita.

Nimeweka fromaji tatu tu, za kuanzia.

Leo asubuhi Umwali amekohoa. Nimemupa maji ya moto na asali, nikamuomba asikohoe mbele ya direkta.