Diodi Mbili za Shangazi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Naapa kuandika yote, hata ya aibu. Kurasa hizi ni zako, Dada, kwa kuwa unasomea umeme na huwa hunisemi kwa Mama.

Keshokutwa ni maonyesho ya sayansi. Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Balbu, ana kinu cha upepo kinachowasha taa. Mimi nina diodi iliyokufa. Shangazi amenipa kutoka maabara yake: chembe ndogo kuliko punje ya mtama, miguu miwili ya dhahabu. Ikiwa hai hutoa mawimbi ya terahezi, yanayotetema mara trilioni kwa sekunde na kupenya karatasi bila kumdhuru mtu.

Balbu kauliza kama naleta maonyesho au matanga. Darasa zima likacheka.

Iliyo hai Shangazi anayo moja tu. Ijumaa wakaguzi watakuja kuiona ikionyesha ufunguo uliomo ndani ya bahasha iliyofungwa. Ikishindwa, maabara inafungwa.

Jumanne, tarehe 4

Nimeazima ile hai Shangazi alipokwenda kunawa mikono. Kibandiko changu kinasema "Inafanya kazi", nami sipendi kumdanganya mwalimu. Shuleni hakuna mashine ya kuiwasha, kwa hiyo hakuna atakayeona tofauti. Lakini dhamiri yangu itakuwa safi.

Jumatano, tarehe 5

Wa pili. Balbu wa kwanza.

Nilikuwa nazo zote mbili, hai na iliyokufa, kila moja katika kisanduku chake, na mwalimu wa fizikia aliomba kuziona kwa kioo cha kukuzia. Akazitoa, akazisifu, akazirudisha. Ipi katika kisanduku kipi? Hakuangalia. Nami nilikuwa namwangalia Balbu akipokea cheti.

Zinafanana kama pacha.

Alhamisi, tarehe 6

Nimezipeleka kwa fundi redio wa mtaa wetu. Kasema kipimo chake hakijawahi kumwangusha. Kagusa ya kwanza: kimya. Kagusa ya pili: sindano ikaruka hadi mwisho, kisha ikalala. "Umeona, mwanangu? Imekusalimia." Nikataka irudie. Haikurudia. Fundi kasema vitu vidogo huchoka upesi.

Hiyo ya pili nimeirudisha kabatini kwa Shangazi. Moyo umetulia, karibu wote.

Ijumaa, tarehe 7

Wakaguzi watatu. Shangazi kaniruhusu nikae pembeni, nisiguse kitu. Akaibana diodi mahali pake, akawasha. Kwenye skrini, mstari bapa. Akakaza skrubu. Bapa. Mkaguzi mmoja akatazama saa yake. Shangazi akafuta jasho juu ya mdomo.

Nikasimama, nikasema yote.

Hakufoka. Aliuliza tu sindano iliruka mara ngapi. Nikasema moja, ilipotusalimia. Akavuta kiti, akakaa.

"Haikuwa inawasalimia, mama. Ilikuwa inawaaga."

Akanieleza polepole: njia ya umeme ndani yake ni nyembamba kuliko unywele mara elfu. Kipimo cha redio kwake ni mafuriko.

Wakaguzi wamempa hadi Jumanne. Imebaki diodi moja ambayo haijawahi kupimwa, bado haijakatwa kutoka kwenye kisahani ilimotengenezwa. Mashine wameitia lakiri ili mtu asiichezee, kwa hiyo Shangazi hatajua kama diodi hiyo ni nzima hadi siku yenyewe.

Jumamosi, tarehe 8

Shangazi ameikata. Hali, hacheki, anahesabu saa. Mama kasema mtu hufa kwa wasiwasi kama huo.

Nimefikiri sana, Dada, na nimejirudi. Kosa langu nimelijua. Jumatatu mchana Mama atanituma nimpelekee Shangazi chakula maabara, naye lazima atakwenda kunawa mikono. Nimezungumza na fundi. Kasema kipimo chake hutumia betri mbili, na hapo ndipo tulipozidisha. Atatoa moja. Itakayobaki imechoka, haiwashi hata tochi. Shangazi atalala usingizi wake siku moja mapema.

Kondakta wa basi anayekuletea bahasha hii anarudi kesho jioni. Mpe jibu mkononi, neno moja linatosha: betri moja iliyochoka inaweza kweli kuua diodi?