Ndama wa Tembo na Baba Niliyemchagua Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Nimekasirika. Profesa anatafuta mkuu wa maabara. Kazi atapewa atakayetoa jibu safi Ijumaa: ndama wetu wa tembo alizaliwa na mabadiliko mangapi mapya ya vinasaba, yale ambayo mama hana wala baba hana? Tunaoshindana ni mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani. Miaka yote hii nimeosha chupa za watu hapa! Yeye kaja juzi tu. Hanipati.

Jumanne, 4 Machi
Vinasaba vya kundi zima, na vya madume wanaopita hapa, vimo kwenye kompyuta. Mama anajulikana. Baba hajulikani, maana madume ya tembo hupita tu na kwenda zao. Miwani kasema lazima tumlinganishe ndama na kila dume kwanza. Kazi ya siku tatu! Kichwa maji. Mimi nimetazama picha. Lile dume kubwa lina masikio ya ndama, yaleyale! Baba huyo hapo. Nimemaliza kabla ya chai.

Jumatano, 5 Machi
Mabadiliko mapya laki nane! Miwani anatarajia makumi tu, eti wanyama wakubwa hawabadiliki ovyo. Wivu huo. Nimemvizia Profesa kwenye korido nikamwambia nimevunja rekodi ya dunia.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kanikuta najaribu tai mbele ya kioo. Akauliza kama huyo baba wa ndama nina uhakika naye. Hata nyumbani! Nikamwambia yeye ni fundi cherehani, ashone. Akanirushia suruali yangu iliyochanika, akasema basi nishone mwenyewe. Nimejichoma sindano mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeumbuka. Profesa aliuliza baba nilimthibitishaje. Nikasema, masikio. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Miwani akasimama, taratibu kama anayeomba chumvi, akaonyesha baba halisi: kidume kimoja kidogo chenye pembe iliyovunjika. Mabadiliko mapya: makumi. Laki zangu zote zilikuwa urithi wa baba niliyemruka. Ukuu kapewa yeye. Inauma! Nimelia chooni, bomba nikiwa nimelifungulia.

Jumatatu, 10 Machi
Bosi Miwani kanipa kazi ileile kwa vifaru: mtoto mmoja, baba hajulikani. Kaniagiza nipime vinasaba vya madume wote, asisikie tena habari za masikio. Sawa, bosi. Masikio yanadanganya, nimekubali. Lakini mwendo haudanganyi. Nimetazama video: dume wa pili anatembea kama yule mtoto, mguu kwa mguu! Miwani bado anawasha kompyuta. Jibu langu Profesa analisoma sasa hivi.