Leo Nimening'inizwa na Roboti la Mume Wangu

Leo nimeaibika, tena mbele ya mama mkwe. Na aliyeniaibisha hana hata damu mwilini.

Mume wangu, Baba Neema, mnamjua. Ana ule ugonjwa unaomaliza misuli polepole, na dawa ya kuuondoa hakuna. Miaka yote hii bega langu ndilo fimbo yake. Kanisani, sokoni Soni, msalani, ni mimi. (Bega la kulia limeshuka. Fundi wangu wa nguo anajua.)

Sasa hospitali yetu huku Lushoto imeletewa kwa majaribio roboti la kutembeza wagonjwa. Unafungwa mikanda kifuani na kiunoni, miguu inashikwa na vyuma, linakutembeza juu ya mkanda unaozunguka. Tangu aanze kwenda, nyumbani hatupumui kwa sifa za hilo roboti. Linamshika vizuri. Halichoki. Halina haraka. Jana namwinua kitini, ananiambia nimemvuta vibaya, roboti halivuti hivyo. Nyie! Rohoni nilikuwa nawaka.

Leo nikamsindikiza. Kitenge kipya, hereni, kila kitu. (Ndiyo, kwa ajili ya mashine. Endeleeni tu.) Alipofungwa mikanda nikamwona amenyooka, anatembea, anacheka na dada wa mazoezi. Kwangu huwa anaguna. Niliumia, sitawaficha.

Alipomaliza na kurudi kwenye kiti chake cha magurudumu, nikamuuliza yule dada kama hilo lichuma lake ni salama kweli. Akanijibu kwa upole kwamba ndugu wanaruhusiwa kulijaribu, ili waelewe mgonjwa anavyojisikia. Nikasema nifungeni. Nilitaka nijue lina nini ambacho mimi sina.

Nikapewa suruali ya mazoezi, nikaivaa chini ya kitenge, kitenge nikakipandisha juu ya magoti. Dada akanionya nisikunje magoti ghafla, maana roboti litadhani naanguka na litaninyanyua. Nikaitikia. Tukaanza kutembea, mimi na huyo mke mwenzangu wa chuma.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe! Kapanda mlima kutoka Mnazi kuja kumwona mwanawe akitembea.

Sasa mnajua kwetu. Mama mkwe humsalimii umesimama wima kama nguzo. Unapiga goti kidogo, wala hufikirii, mwili wenyewe unashuka. Nikashuka.

"Shikamoo mama."

Roboti likapiga king'ora, likanivuta juu. Miguu hewani. Kitenge kikafunguka, kikabaki chini. Mama mkwe hakuitikia. Alimgeukia mwanawe, akamuuliza kwa Kishambaa kama ugonjwa sasa umemshika na mke. Nikarudia shikamoo hukohuko juu, maana salamu isiyoitikiwa ni deni. Nikajinyonganyonga ili nishuke, mikanda ikazidi kunibana. Dada wa mazoezi anahangaika na vitufe, midomo ameiuma asicheke.

Baba Neema yeye alicheka mpaka machozi. Kisha akasogeza kiti chake karibu, akasema polepole:

"Acha kushindana nalo, Mama Neema. Legea. Mimi kwako ndivyo ninavyofanya kila siku, ingawa naona aibu."

Nikatulia. Miaka yote hiyo hajawahi kuniambia kwamba huwa anaona aibu. Nami nilidhani anaguna kwa sababu simshiki vizuri. Nikalegea kweli, roboti likanishusha taratibu, mama mkwe akaniitikia marahaba huku ananifunga kitenge mwenyewe. Wivu ukapungua. Kidogo.

Tulipofika kwenye gari Baba Neema akanyoosha mkono, akalishika bega langu. Mara hii sikumvuta. Nilimsubiri, nikamwinua polepole, sawasawa na lile lichuma. (Ndiyo, nimeliiga. Msinicheke.)

Akasema, "Hapo sawa kabisa."

Sasa sijui kanisifu mimi au kamsifu mwalimu wangu, na kuuliza siulizi.